Kocha Hapandi Mizani

Kangundo, 13 Januari 2025

Mwanangu Nzisa,

Wakya, hujambo? Usishangae kukuta karatasi chini ya avokado. Ningekupigia simu, lakini simu yangu nikifika penye utamu inakata, na wewe siku hizi ukisikia jambo zito unasema mtandao ni mbaya. Barua haina mtandao. Tena mimi ni mtu wa kalamu. Shule niliacha darasa la saba, sawa, lakini iliyokosekana ni karo, akili ilikuwepo. Na tangu hapo nimeishi Jeddah nikilea watoto wa watu, nimeshona suruali za Wamarekani pale kiwandani EPZ, Athi River, na nimebishana bei na mabroka wa avokado mpaka mmoja akahamia biashara ya vitunguu. Dunia hii naijua mbele na nyuma.

Sasa jambo lenyewe. Jumamosi kwa arusi ya Wayua ulishuka kwa gari, mimi nikamuuliza jirani yule mgonjwa ni wa nani. Akaniambia, "Si ni wako?" Nzisa, nilikuwa nauliza juu yako, mtoto niliyemlea mwenyewe. Ile nguo ya kijani niliyokushonea ilikuwa inaning'inia kama imetundikwa kwa msumari. Sahani ya pilau uliizungusha kama mtu aliyepoteza sindano ndani yake, halafu ukampa mtoto asiye wako. Mama wa kanisa wameshakuweka kwenye maombi ya Jumatano. Hawajajua wanaombea ugonjwa gani, lakini wanaomba kwa nguvu.

Wewe ni kocha wa jim. Kazi yako ni nguvu. Ukiwa kidato cha pili ulikuwa unajitwisha gunia la mahindi na wavulana wanajifanya wanafunga viatu. Hiyo nguvu imeenda wapi?

Kama ni ugonjwa, niambie. Kama ni mambo ya nyumba, niambie pia, sitapiga kelele, unanijua. Marehemu mamako aliniachia wewe, hakuniachia kitu kingine.

Nimeweka muthokoi wa mahindi niliyokoboa mwenyewe, mayai na avokado. Kyondo ni kikapu kinachojulikana hakirudi kitupu, kwa hivyo nijibu.

Mimi Anti yako,
Ndila, mwenye mwandiko uliosifiwa na mkaguzi wa shule


Syokimau, 20 Januari 2025

Mpendwa Anti,

Asante kwa vyote. Mimi ni mzima kabisa. Ni kazi tu, darasa la asubuhi na la jioni, na wateja wameongezeka tangu mwaka uanze. Waambie mama wa kanisa wapumzike.

Naomba tu usitume tena chakula kingi hivyo. Antony hapendi kuona kitu kinaharibika, na anasema friji imejaa. Tena muthokoi ni mzito, hapa kwetu jioni tunakula kidogo. Ndio mtindo wa Antony, na mimi nimezoea.

Kyondo kinarudi na sukari na majani ya chai. Uncle Musau mpe salamu. Na goti lako likoje? Mwaka jana ulisema linakusumbua kidogo.

Nakupenda,
Nzisa


Kangundo, 31 Januari 2025

Nzisa,

Barua yako nimeisoma, nikampa mjomba wako Musau, naye akaisoma akiwa amevua kofia. Tumeelewa uliyoandika, na tumeelewa zaidi yale ambayo hukuandika.

Jumapili ya tarehe tisa, baada ya misa, tutakuja kuwajulia hali. Usipike kitu, tutakuja na chetu. Mwambie mume wako asitoke.

Goti langu ni zima kama la ndama.

Anti Ndila


Syokimau, 12 Februari 2025

Anti,

Nimeanza barua hii nikairarua, nikaanza tena. Nina hasira na wewe, halafu nikifika katikati naona hasira ni yangu mwenyewe.

Mlikuja kama watu wa kudai maiti. Uncle Musau na koti la mazishi, jogoo mzima kwapani, na wewe na sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe, kana kwamba Syokimau hakuna duka. Hamkuketi. Uncle hakumtaja Antony kwa jina. Alisema, "Kijana, tulikupa msichana mwenye mashavu. Mashavu yako wapi?" Antony alikuwa amesimama pale na mwiko mkononi, kwa sababu nilimwambia msipikiwe naye akasema wakwe hawaji nyumbani kwake wakale hewa. Wewe ukafungua friji yetu, mlango wa nyumba ukiwa wazi, majirani wakiona, ukatoa lile tango langu ukaliinua juu kama ushahidi wa kesi. Halafu Uncle akaanza habari ya mbuzi wa mahari, kwamba mahali msichana hali, mbuzi hurudi na msichana hurudi.

Na mimi nilikaa nikiangalia zulia. Nilimwacha mume wangu ale aibu ambayo haikuwa yake.

Mlipoondoka aliosha vyombo vyote. Aliuliza kitu kimoja tu. "Kwa nini hukuwaambia?"

Basi nakuambia wewe. Antony hajaninyima chakula hata siku moja. Tango ni langu. Huo mtindo wa jioni ni wangu. Nilimweka yeye kwenye barua ili usiniulize zaidi, na sikufikiri kwamba mtoto wa kike akiandika "mume wangu hapendi", huko nyumbani kofia zinavuliwa.

Ukweli ni Mike, mwenye jim. Anafungua tawi la pili na anataka picha yangu kubwa pale langoni. Mwezi wa kumi aliniita ofisini akaniangalia kutoka juu mpaka chini na tena juu. Akasema, "Nani atalipia kocha anayefanana na mteja?" Akanipa mpaka Pasaka nipungue, la sivyo kuna msichana mwingine anangoja. Mike mwenyewe ana tumbo la kuwekea kikombe, lakini yeye hakuna anayempima.

Tangu hapo nakunywa chai ya rangi asubuhi na kula tango jioni. Wiki moja kabla ya arusi ya Wayua nilianguka katikati ya darasa. Nilifungua macho nikaona taa, na uso wa Peris, mteja wangu mmoja, akinipepea na taulo. Mike akawaambia wanawake, "Mnaona? Hiyo ndiyo bidii." Na wakanipigia makofi, Anti. Nikiwa chini.

Kuna mizani mbele ya darasa. Kila Jumamosi wanawake wanapanda mmoja mmoja, na matokeo yanaandikwa ubaoni. Aliyepungua anashangiliwa. Aliyeongezeka anafanyishwa mazoezi ya adhabu, na mimi ndiye ninayempa. Peris amejifungua juzijuzi. Mumewe ndiye aliyemlipia jim, zawadi ya siku ya kuzaliwa. Ananiambia anataka mgongo wa kumbeba mtoto, na mimi naandika kilo zake ubaoni. Upande wa wanaume kuna ubao pia. Wao wanaandikwa wamenyanyua nini. Sisi tunaandikwa tumepoteza nini. Nimefuta na kuandika zile mbao mbili miaka yote hii na sijawahi kuziangalia pamoja mpaka usiku ule mlipoondoka.

Chuma nilichokuwa naanza nacho mwaka jana sasa sikiinui kutoka sakafuni. Na kazi hii naipenda, hiyo ndiyo shida. Sijui kufanya nyingine, na sitaki nyingine.

Sasa na wewe unijibu. Ulikaa kwenye ngazi za nyumba yetu muda mrefu, ukasema unatazama mandhari. Pale hakuna mandhari, kuna ukuta.

Nzisa


Kangundo, 17 Februari 2025

Mwanangu,

Nianze na mume wako, kwa sababu kichwa changu hakitainuka mpaka niseme. Mwambie Antony kwamba Ndila wa Kangundo, ambaye hajawahi kukosea kwa mambo ya watu, amekosea kwa mambo ya watu. Mwanamume anayepikia wageni, wageni wakamtukana, naye bado akawafungia chakula kwa mkebe warudi nacho? Huyo nilimlia pilau yake njiani nikilaumu kila kijiko na kuongeza kingine. Musau anasema tangu azaliwe hajawahi kuomba msamaha na hajui unaanzia wapi. Lakini amefunga mbuzi pembeni. Mzee akimsingizia mkwe lazima alete mbuzi wa kufuta maneno, na analeta mwenyewe, hatumi mtu. Mjitayarishe, na safari hii mwambie akija akae.

Sasa ngazi. Haya. Goti langu lilikufa kabla ya mvua ya Oktoba. Nilienda kliniki moja mjini. Kijana mwenye koti jeupe hakuligusa goti, Nzisa. Aliangalia tumbo langu, akaandika kwenye karatasi nipunguze kilo, akaita mwingine. Mimi, niliyewaambia Waarabu wa Jeddah ukweli mbele ya watoto wao, nilitoka pale kimya kama niliyeshikwa na kuku wa wizi. Nikanunua ile chai ya kukata tumbo inayouzwa sokoni na picha ya mzungu mwenye kiuno cha nyigu. Nilichokiona ni kwamba Jumapili ile misa yote nilikuwa chooni, na ekaristi nikaisikia kwa mbali. Goti likabaki vile vile. Na tangu hapo mwethya, kikundi chetu cha kulimiana kwa zamu, umechimba matuta kwa Kaluki na kwa mama Musili bila mimi, nikisema nina wageni. Wageni gani kila Jumanne?

Ulinikuta mnafiki nikiwa nashika tango lako juu. Sawa, tumelingana.

Lakini sasa nisikilize, maana nimefikiri na nikifikiri mimi hutoka kitu. Pale EPZ nilikuwa nashona lebo za saizi kiunoni. Suruali ya mnunuzi mmoja ilikuwa na namba hii, ya mnunuzi mwingine namba ndogo zaidi, na kiuno ni kile kile, nilipima kwa mkono wangu. Kuna mwanamke huko Amerika alilia dukani kwa sababu ya namba niliyoishona mimi nikiwa na usingizi. Nikamcheka miaka hiyo yote, kumbe namba ilikuwa inanifuata mpaka Kangundo.

Kwenye mwethya hakuna aliyewahi kuuliza mama ana kilo ngapi. Swali ni moja, unaweza kushuka mpaka tuta la chini na kupanda na mchanga? Na mwenye shamba anapika, tena anapika mpaka anaona haya. Mwenye shamba akiwachimbisha watu njaa, jina lake linazunguka vilima hivi mpaka wajukuu waoe mbali. Huyo Mike anawachimbisha njaa na mnamlipa.

Sikuambii uache kazi. Kazi ya mtu haikatwi na barua ya anti. Nataka mambo mawili tu. Wewe ule. Halafu unifundishe hili goti lifanye kazi, bila kuniuliza kilo zangu. Nitafanya utakaloniambia hata nikiliona upuzi, nawe utakula nitakachotuma hata ukikiona kizito. Ukivunja, nakuja na Musau, na safari hii anakuja na ng'ombe.

Anti yako,
Ndila, mwenye goti la kweli


Syokimau, 13 Machi 2025

Anti mpendwa,

Kwanza goti. Endelea na kile kiti nilichokuambia kwa simu. Kaa polepole, simama polepole, mkono mezani. Likiuma kwa ukali, acha. Likichoka tu, endelea. Na hapana, kukaa kitini ukisimulia watu habari za Jeddah si zoezi.

Mimi nilikula. Siku za kwanza nilikula nikilia, sitakuficha. Antony alikuwa anaweka sahani na kutoka nje ili asionekane ananihesabia. Uncle alipoleta mbuzi walikaa balkoni wawili, wakaongea mpira mpaka giza, na sijui kama neno pole lilitajwa, lakini alipoondoka alimwita Antony mwanangu.

Jumamosi ilikuwa tarehe nane, Siku ya Wanawake. Mike alipamba jim kwa maputo ya waridi, na bango lililosema wanawake wote kupimwa bure. Mizani nayo aliifunga utepe. Darasa lilijaa. Akachukua kipaza sauti akasema kocha aanze, atoe mfano.

Nikasema, "Mimi leo sipandi."

Akacheka na watu wakacheka. Akasema kocha ana siri.

"Sina siri. Nimekula."

Nilienda ubaoni nikafuta kilo za wiki iliyopita. Nikawaambia anayetaka jina lake liandikwe leo aje na kitu alichonyanyua. Muziki tu. Halafu Peris akaweka mtoto chini kwenye kiti chake cha gari, akaenda upande wa wanaume, akashika chuma, akakitoa sakafuni mgongo umenyooka kama nilivyomfundisha. Mtoto akaanza kulia. Peris hakukiacha. Alisimama nacho wima kabisa, akanigeukia akasema, "Andika hiyo."

Nikaandika. Wa pili akaja, na wa tatu. Mike akazima muziki, akaniambia nichague, mizani au mlango. Nikachukua taulo langu.

Usifikiri wote walinifuata. Wengi walibaki. Mmoja aliniambia mlangoni, "Wewe umeshapungua ndio unajidai. Sisi tumelipa tupungue." Mwezi uliopita mimi ningekuwa yeye, na ningesema vibaya zaidi.

Jumatatu Peris alinipigia akauliza darasa liko wapi. Nikasema hakuna. Akasema tuna mikono, sema wapi. Basi sasa tuko juu ya paa la jengo letu, pale tunapoanika nguo. Antony anajaza mitungi ya maji, ndiyo vyuma vyetu. Mdogo kwa anayeanza, mkubwa kwa Peris. Mwenye nyumba alipanda juu kutufukuza, akakuta mke wake katikati ya mstari, akashuka. Wako wachache sana na pesa ni kidogo. Lakini jana nilinyanyua kitu ambacho Januari kingenivunja.

Sasa leo Mike amepiga simu. Wateja wameanza kuuliza kocha yuko wapi. Anasema nirudi, mshahara unaongezwa, tawi jipya ni langu kuongoza, na mizani ataiweka nyuma ya pazia, mwanamke apimwe faraghani. Kwa kodi ya nyumba hii, hizo ni pesa za maana. Anataka jibu kufikia wiki ijayo.

Anti, wewe unajua dunia mbele na nyuma. Nifanye nini?

Nzisa


Kangundo, 16 Machi 2025

Mwanangu,

Barua yako niliisomea ndani ya duka la nafaka la Dahabo, kwa sauti, na nilipofika pale Peris anaponyanyua chuma mtoto akilia, Dahabo alifunga duka ili tumalize. Samahani kama ilikuwa siri. Ilikuwa tamu mno kuwa siri.

Jumanne nilirudi mwethya, shambani kwa Kaluki. Walinipokea kwa matusi ya furaha, mmoja akauliza wageni wangu wamerudi kwao salama. Nilishika jembe. Nilishuka tuta la kwanza, nikashuka la pili. La chini sikufika, goti lilisema subiri nami nikalisikia. Lakini Nzisa, kilo zangu nilishuka nazo zote na nikapanda nazo zote, hakuna hata moja iliyobaki kule. Na nikala sahani mbili, kwa sababu nilikuwa mfanyakazi, si mgeni.

Sasa umeniuliza ufanye nini, na mimi ni mtu ambaye hata mchungaji wa kanisa jirani huja kwangu kwa siri kuuliza mambo. Nimekaa na hilo swali lako tangu juzi. Nimeona nisikujibu.

Mike alikuamulia mwili. Mume wa Peris alimwamulia jim. Kijana wa koti jeupe alinihukumu kabla sijakaa. Na mimi nilikuja kwako na jogoo nikaamua kesi kabla ya kusikia shahidi. Wewe umeamuliwa vya kutosha. Kodi ni yako, jasho ni lako, tumbo linalosikia njaa ni lako. Ukirudi kwake nitakutumia muthokoi. Usiporudi nitakutumia muthokoi. Sitakuambia neno, na wewe unajua hiyo itaniuma kuliko goti.

Anti yako,
Ndila


Syokimau, 20 Machi 2025

Anti,

Nilimpigia Mike mwenyewe asubuhi, sikungoja apige. Nilimwuliza kitu kimoja, kule tawi jipya nyuma ya hilo pazia na wanaume pia watapimwa? Alicheka sana. Alidhani ni mzaha. Akasema, "Wanaume wapimwe ya nini?"

Nikamwambia ampe kazi yule msichana mwingine, lakini ampe na chakula.

Mwezi huu kodi tutailipa kwa shida, Antony anajua, amesema sawa. Leo wamekuja wapya, na mmoja ni yule aliyenisema mlangoni. Amepanda na mtungi wake mwenyewe.

Barua ni fupi kwa sababu chakula kiko mezani na wanawake wako juu, nawasikia wakiburuta mitungi na kuniita.

Nakula kwanza. Watangoja.

Nzisa